Muswada Uliokwenda Ng'ambo

Mwaka juzi, jioni moja ya masika, tulikuwa watu wanne kibarazani kwa mwenzetu pale Mabatini, Mwanza, tukisubiri mvua ipungue. Mmoja akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Lilikuwa tangazo la tuzo ya uandishi, zawadi kwa dola, na chini yake masharti yamebanana kwa herufi ndogo kama punje za uwele. Tulizoea kuyasoma matangazo ya namna hii kama watu wanavyosoma bei za magari, kwa kutamani tu. Safari hii ilikuwa tofauti kwa sababu mmoja wetu alikuwa na kitu mkononi. Alikuwa amemaliza hadithi ndefu, madaftari manane, kaandika kwa kalamu, na wote tulikwishasikia vipande vyake akivisoma. Shida ni kwamba ameandika kwa Kisukuma, na tangazo lilitaka Kiswahili.

"Tafsiri, bwana," akasema mwenye karatasi. "Dola hizo!"

"Nikishatafsiri itabaki ile ile?"

"Kwani madaftari yakikaa uvunguni ndiyo yatabaki yale yale?"

Pakawa na ubishi hadi mvua ikakatika na bado watu wakabaki. Mimi sikuwa na jibu. Nikaahidi kwamba nitatafuta waliotutangulia walifanyaje, maana haiwezekani sisi tuwe wa kwanza Afrika nzima kuketi na muswada na tangazo la mtu wa mbali. Makala haya ndiyo niliyoyapata. Ndugu msomaji, kama nawe una daftari uvunguni, yanakuhusu.

Nianze na jambo ambalo wengi hulisahau: kushindana kwa maneno si jambo lililoletwa na meli. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alilumbana kwa mashairi na watu wa miji mingine ya pwani, na watu wakayashika mashairi hayo kichwani hadi yakaja kuandikwa baadaye. Huku kwetu Usukumani kuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyojinasibisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vikundi hivyo huwekwa uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na ngoma huanza kwa wakati mmoja. Hakuna meza ya majaji. Watazamaji huenda wanakopendezwa, wakichoshwa huhamia upande wa pili, na penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Ndiyo maana mchezaji wa kule hutafuta kila mbinu ya kumshika mtu asiondoke: chatu, fisi, vichekesho, mafumbo.

Naisema habari hii ili tuone wazi kilichokuja kuwa kipya karne ya 20. Kipya kilikuwa ni jaji asiyeonekana. Unaandika, unafunga bahasha, unapeleka posta, halafu unakaa. Mtu usiyemjua, katika mji usioufahamu, anasoma, naye ana masharti yake. Umati haupo uwanjani.

Mwaka 1926 iliundwa London taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika. Waliokuwamo ni wamisionari, wataalamu wa lugha na watawala wa makoloni. Haikupita miaka mingi ikaanza kutangaza mashindano ya vitabu vilivyoandikwa na Waafrika kwa lugha zao wenyewe. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo, maana vitabu vingi vya lugha zetu vilikuwa tafsiri za Biblia na vitabu vya hesabu. Katika mashindano hayo ndipo alipojitokeza mwalimu mmoja wa Nyasaland, Samuel Yosia Ntara, na hadithi yake ya Kinyanja iitwayo Nthondo. Ilichapwa mwaka 1933, na mwaka uliofuata ikatoka kwa Kiingereza. Kaskazini mwa Nigeria nako, mwaka 1933, ofisa wa Kiingereza Rupert East alitangaza mashindano ya hadithi za Kihausa. Miongoni mwa vitabu vilivyotokana nayo ni Ruwan Bagaja cha Abubakar Imam, na Shaihu Umar, habari ya mtoto aliyeuzwa utumwani, kilichoandikwa na mwalimu kijana aitwaye Abubakar Tafawa Balewa. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Nigeria, akauawa katika mapinduzi ya Januari 1966. Sijui ni waziri mkuu gani mwingine aliyeanzia kwenye mashindano ya hadithi.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati hiyo, ambayo miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya Wazungu watupu, ilipewa kazi ya kuvipima vitabu. Kitabu kikitaka kuingia shuleni lazima kipate kibali chake, na kibali kilitegemea lugha kufuata sanifu. Hebu fikiria malenga wa Mombasa au Lamu, aliyezaliwa katika ushairi, anaambiwa Kiswahili chake kinahitaji kunyooshwa na mtu aliyejifunza lugha hiyo ukubwani. Malalamiko ya watu wa Kimvita na Kiamu yalianzia huko na hayajaisha mpaka leo. Lakini tuseme kweli pia: bila sanifu hiyo, mimi Msukuma wa Mwanza nisingekuwa ninaandika makala haya na wewe wa Tanga au Bujumbura ukayasoma. Mambo haya mawili yanakaa pamoja, na mimi sioni haja ya kulifuta moja ili lingine lipate nafasi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, watawala waliona kwamba watu waliofundishwa kusoma hawana cha kusoma. Mwaka 1948 likaanzishwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, mkurugenzi wake Charles Richards. Mwaka huohuo alifariki nchini Uganda mama mmoja Mkanada, Margaret Wrong, aliyetumia maisha yake kushughulikia maandishi ya Kikristo kwa Afrika. Ikawekwa tuzo ya kumkumbuka, nishani na fedha, kwa waandishi wa Kiafrika. Shaaban Robert aliipata. Fagunwa wa Nigeria, aliyeandika kwa Kiyoruba, aliipata mwaka 1955. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali maisha yake karibu yote ya kazi, na miswada yake aliituma mpaka Johannesburg, ambako Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilichapa Pambo la Lugha. Kutoka Tanga mpaka Johannesburg, wakati ule! Leo mtu anashindwa kutuma kazi yake kwa sababu eti intaneti ya kwao inakatika.

Ila hadithi ninayoipenda zaidi ni ya mashindano ya mwaka 1957 hadi 1958. Shirika la Vitabu lilitangaza mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Mshindi wa kwanza akawa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Aliwahi kufanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia kwenye magazeti ya Unguja, na mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Hadithi aliyoipeleka ni Mzimu wa Watu wa Kale. Ilichapwa mwaka 1960.

Wale waliosoma wanajua mambo yake. Mwenye shamba ameuawa, maiti yake imekutwa mahali pa matambiko, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imefanya kazi yake. Anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum, anauliza maswali ya kawaida kabisa, na polepole inabainika kwamba mizimu haina hatia. Wakosoaji wamesema mara nyingi kwamba Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes, na hilo halina ubishi. Lakini ukikisoma leo kitu kinachokushika ni Unguja yenyewe: mashamba, madeni, kahawa, watu wanaojua mambo ya majirani kuliko ya kwao. Mwandishi hakuwaandikia majaji. Kama angeandika kile ambacho kijana wa mwaka 1957 angedhani majaji wanakitaka, nadhani tungepata hadithi ya mtoto mtiifu aliyekwenda shule, akaacha pombe na kujenga choo. Hadithi za namna hiyo zilikuwapo nyingi. Yeye alipeleka maiti na kiko.

Na baada ya ushindi? Hapa ndipo nilipoanza kuwa makini. Kitabu cha pili cha Bwana Msa, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968. Ni miaka minane. Katikati yake kulikuwa na Uhuru, Mapinduzi ya Unguja, na mwandishi mwenyewe akiendelea kuhariri habari za mbolea na mbegu hadi alipostaafu mwaka huohuo wa 1968. Vingine vikafuata haraka alipokwisha kupata nafasi: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Tuzo ilimpa mlango, haikumpa muda. Muda alikuja kuupata kwa kustaafu, yaani kwa pensheni. Wenzangu nilipowasomea sehemu hii walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Miaka hiyohiyo mashindano yakiendelea Nairobi, kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka hapa Mwanza, kulikuwa na mtu mwenye muswada uliokwisha kukamilika tangu mwaka 1945. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma kwa wamisionari, akapita seminari, akajua Kilatini na lugha nyingine kadhaa, kisha akarudi kwao Kagunguli kuishi na mkewe Anna. Watoto wao walikufa wangali wadogo, wote. Katika hali hiyo aliandika kwa Kikerewe habari ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wanaopendana na kukosa mtoto, huku ndugu wa mume wakimsukuma aoe mwingine. Humo akaweka kila kitu cha Ukerewe ya zamani: namna ya kulima, kuvua, kupika pombe, kuposa, kuagua, kuzika. Kitabu kinene sana.

Alikiandikia nini, na nani angekichapa? Kikerewe ni lugha ya kisiwa na visiwa jirani. Serikali ilitaka Kiswahili, soko la vitabu la shule lilitaka Kiswahili, na mashindano yalitaka Kiswahili. Rafiki yake Padri Almas Simard, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliupenda muswada na akashughulika kuutia katika Kifaransa. Padri akafa, kitabu hakijachapwa. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika kisiwani watafiti wawili Wamarekani, mtu na mkewe, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuwa wakitafiti historia na maisha ya Wakerewe. Walimkuta mzee akiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini, na muswada upo. Hapo ndipo Kitereza mwenyewe alipoketi akatafsiri kitabu chote kwa Kiswahili, kwa mkono wake, katika umri ule. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwenyewe alifariki Aprili 1981, kabla nakala hazijamfikia. Kijerumani kilikipata mwaka 1990, na Kiingereza mwaka 2002 kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mtu wa Ukerewe.

Nilipomaliza kusoma habari hizi nilipanda meli kwenda Nansio, safari ya saa chache tu. Sikwenda kutafiti, nilitaka tu kuona. Kutoka gatini unaona mji, pikipiki, samaki, wanafunzi wa sare. Nilijiuliza ni mara ngapi mzee yule alivuka maji haya akirudi nyumbani na jibu la "bado". Miaka thelathini na mitano, kutoka 1945 hadi 1980. Abdulla alisubiri miaka miwili. Sisemi mmoja alikuwa bora kuliko mwenzake. Mmoja aliandika katika lugha iliyokuwa na tangazo, mwingine katika lugha isiyo na tangazo.

Baada ya Uhuru wafadhili walibadilika. Mwaka 1979 Shoichi Noma, mwenye kampuni ya uchapishaji ya Kodansha ya Japani, alianzisha tuzo kwa ajili ya vitabu vilivyochapwa Afrika. Ya kwanza, mwaka 1980, ilikwenda kwa Mariama Bâ wa Senegali. Noma ilikuwa na mambo mawili yaliyoitofautisha na nyingine. Kwanza, ilipokea vitabu vya lugha yoyote ya Afrika. Kweli ikawa hivyo: mwaka 1984 Gakaara wa Wanjau wa Kenya alikuwa mmoja wa washindi wawili kwa kitabu cha Kigikuyu juu ya maisha yake kizuizini wakati wa Mau Mau, na mwaka 2000 ushindi ulikwenda kwa Kimani Njogu na Rocha Chimerah kwa Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu, kitabu cha Kiswahili kilichotolewa na Jomo Kenyatta Foundation ya Nairobi. Si riwaya wala mashairi, ni kitabu cha mwalimu! Mimi nilifurahi kulijua hilo. Tumezoea kudhani kwamba mabingwa wa nje wanataka machozi yetu tu.

Jambo la pili lilikuwa na ukali wake. Mwandishi hakuweza kujipeleka Noma mwenyewe. Aliyepeleka ni mchapishaji, na awe mchapishaji wa Afrika. Nia yake ilikuwa njema, kuwatia nguvu wachapishaji wa hapa wasimezwe na kampuni za London na Paris. Lakini kwa mtu wa Tanzania ya miaka ya 1980, wakati karatasi yenyewe ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, sharti hilo lilimaanisha kwamba kabla ya kuwaza Japani ulipaswa kwanza kumpata wa kukuchapa nyumbani. Noma ilifungwa mwaka 2009, baada ya takriban miaka thelathini.

Hapo nikagundua kwamba fedha za wageni zimekuwa na njia mbili, na sisi vijana huzichanganya. Kuna fedha inayompa mtu zawadi, na kuna fedha inayojenga kitu. Mwaka 1984 taasisi ya Dag Hammarskjöld ya Sweden iliitisha semina Arusha kuhusu uwezo wa Afrika kuchapa vitabu vyake yenyewe. Kutokana na fikra za namna hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1980, taasisi hiyo iliwawekea dhamana wachapishaji wa Kenya ili wakope benki. Haikuwagawia pesa, iliwasimamia tu mbele ya benki, na deni walilipa wenyewe. Tanzania, mwaka 1991, ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Namna yake ilikuwa kununua sehemu kubwa ya nakala zinapotoka mtamboni na kuzipeleka shule, hivyo mchapishaji akathubutu kuchapa hadithi za watoto kwa Kiswahili akijua hazitamlalia. Vitabu vya watoto ambavyo wengi wetu tulivikuta kwenye kabati la mwalimu mkuu vilipita njia hiyo. Nani aliwahi kusoma jina la mfadhili nyuma ya jalada? Mimi sikuwahi.

CODE hao hao baadaye walisimamia Tuzo ya Burt kwa vitabu vya vijana, na kwa Tanzania vitabu vilitakiwa viwe vya Kiingereza. Hoja ilikuwa kwamba wanafunzi wa sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza na hawana vitabu vya kuwavutia. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo niliona ajabu kidogo kwamba waandishi waliokwisha kupata uzoefu wa kuandikia watoto kwa Kiswahili ilibidi wabadili lugha pale zawadi ilipokuwa kubwa.

Kenya walikuwa na habari yao. Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa maandishi yaliyotoka kwenye mtandao, si kwenye kitabu, na mwaka uliofuata jarida la Kwani? likaanza Nairobi, Taasisi ya Ford ikiwa mfadhili wake mkubwa. Mwaka huohuo wa 2003 Yvonne Owuor akashinda Caine kwa hadithi iliyotoka humo humo Kwani?. Yaani tuzo ilizaa jarida, jarida likazaa tuzo. Lakini Caine inapokea Kiingereza, au kilichotafsiriwa kuwa Kiingereza. Anayeandika kwa Kiswahili anaweza kuingia tu akiwa ameazima koti.

Ndiyo sababu mwaka 2014 ulikuwa mwaka wa kukumbukwa. Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi walianzisha tuzo ya fasihi ya Kiswahili, ikiitwa kwanza Mabati-Cornell: Mabati kwa sababu ya kampuni ya mabati ya Kenya, Cornell kwa sababu ya chuo kikuu cha Marekani. Zawadi zilikuwa dola 15,000 kwa jumla. Watu walicheka jina, mabati na mashairi wapi na wapi, lakini fedha za kiwanda cha hapa zilikuwa zimeingia katika vitabu vya Kiswahili. Mwaka 2015 walishinda Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Na sharti moja lilikuwa tofauti kabisa na la Noma: miswada isiyochapwa iliruhusiwa. Mwandishi mwenyewe aliweza kutuma. Yule mtu wa bahasha na posta alirudishiwa nafasi yake.

Basi nilirudi kibarazani na haya yote kwenye daftari, nikawasomea. Niliwaeleza pia jambo letu wenyewe, ambalo halina utukufu wowote. Kabla ya hapo tulikuwa tumeomba ruzuku mahali fulani ng'ambo kwa ajili ya kutoa mkusanyiko wa hadithi zetu. Fomu ilitaka namba ya usajili wa kikundi, hesabu za benki za miaka miwili, na "matokeo yanayopimika". Tulikesha tukitafuta matokeo yanayopimika ya hadithi fupi. Mmoja akapendekeza tuandike kwamba wasomaji 5,000 watabadili tabia. Tabia gani? Hakujua, lakini namba ilipendeza. Tukaandika, aibu tupu, na tukanyimwa. Barua ya kutunyima ilikuwa ya adabu na fupi. Kilichoniuma si kunyimwa. Niliposoma tena ombi letu miezi kadhaa baadaye, sikuona mahali popote tulipoeleza hadithi zenyewe zinahusu nini. Kurasa kumi na moja! Bajeti ya chai ilikuwamo, ya usafiri ilikuwamo. Tulikuwa tumeandika hadithi ya yule mtoto mtiifu aliyejenga choo.

Mwenye madaftari manane alinisikiliza bila kusema. Mwishowe akauliza swali moja tu: Kitereza alipotafsiri mwenyewe, ule muswada wa Kikerewe ulikwenda wapi? Nikamwambia ninachojua ni kwamba kitabu kilichotufikia ni cha Kiswahili, na kwamba tafsiri nyingine zinazosomwa duniani zimekuja baada yake. Akatikisa kichwa.

Wiki iliyofuata tulifanya mambo mawili. Tulipeleka madaftari kwenye duka la kutoa nakala pale karibu na stendi, tukatoa nakala mbili za kila ukurasa, shilingi zetu tukachangiana. Moja iko kwa mama yake Magu, ndani ya sanduku la vitenge, nyingine ninayo mimi. Halafu akaanza kutafsiri. Tarehe ya mwisho ya tangazo lile ilipita akiwa sura ya tatu, na hakuharakisha. Alisema mwaka mwingine litakuja tangazo jingine, na bibi yake aliyemsimulia habari hizo hakuwahi kuharakishwa na mtu.

Sasa yuko sura ya tisa. Juzi alinipigia simu saa nne usiku. Kuna namna ambayo mwanamke mmoja ndani ya hadithi anamwita mumewe akiwa amemkasirikia lakini hataki wageni wajue, neno moja tu la Kisukuma, na kwa Kiswahili amejaribu matano. "Bwanangu" ni tamu mno, "mzee" ni baridi, "baba nanihii" inachekesha. Tulijadiliana mpaka salio likaisha. Asubuhi alituma ujumbe kwamba ameamua kuliacha neno lilivyo, kwa Kisukuma, bila maelezo, majaji watajijua wenyewe.